Njia ya Haraka Kuliko Zote Mjini Upesini

Mnaotega masikio, tegeni. Wenye haraka watangulie, tutawakuta mbele. Habari hii ni ya mji uitwao Upesini, na ya mjane mmoja, Bi Kidawa binti Shomvi, aliyefika huko asubuhi moja akiwa amejitanda kanga, tasbihi mkononi na jambo moja tu moyoni.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yake, Mwanaidi, alikuwa amefariki alfajiri katika Mtaa wa Visima, upande wa pili wa mji huo. Wawili hao waliachwa yatima wangali wadogo, wakalelewa kwa mikono ya watu, na walipopata akili wakapeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Si jirani, si mwoshaji wa kutafutwa. Sasa Mwanaidi ametangulia, na maiti hawekwi. Dini inahimiza azikwe mapema. Bi Kidawa alijua kwamba akichelewa atakuta udongo mbichi, na ahadi imekwenda nao.

Juu ya lango la mji paliandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU UPESINI, USISIMAME. Chini ya maandishi hayo palikuwa na ukumbi mkubwa ambamo kila mgeni alisimamishwa.

Ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya mji. Mtu haruhusiwi kuingia kwa njia yoyote mpaka Idara ya Mlinganisho imweleze ni njia ipi iliyo ya haraka kuliko zote siku hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akienda kwa njia ya pili kwa haraka, atakuwa ameupotezea mji muda. Basi watu walikaa mle wakingoja kuambiwa namna ya kutochelewa. Waliozoea walikuja na mito yao.

Mbele ya ukumbi wataalamu wa pande mbili walikuwa wakijadiliana, watu wa reli na watu wa magurudumu. Mtaalamu wa reli alieleza kwamba treni yao ina kasi isiyo na mfano, na imezinduliwa mara nne. Mtu wa magurudumu akauliza kama imewahi kuondoka. Mtaalamu akajibu kwamba kuondoka ni awamu ya pili. Watu wakapiga makofi, na mzee mmoja aliyekuwa amelala akaamka, akapiga naye, akarudi kulala.

Bi Kidawa hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mlinganishi wa Zamu, kijana mtanashati aitwaye Bwana Mfaume.

"Asalaamu alaikum, mwanangu."

"Kum," akajibu Bwana Mfaume.

Bi Kidawa akamtazama, akidhani ni mgonjwa.

"Usinielewe vibaya, mama," akasema yule kijana. "Hapa salamu zimefupishwa kisheria. Mkubwa anasema 'Sa', mdogo anajibu 'Kum', basi. Habari za nyumbani ziliondolewa mwaka juzi."

"Na huo muda mnaouokoa mnaupeleka wapi?"

"Unahifadhiwa."

"Umeshakuwa mwingi?"

"Mwingi sana, mama. Tunatafuta pa kuuweka."

Bi Kidawa akavuta uradi kidogo kwenye tasbihi, kisha akasema, "Baba, mimi nimefiwa. Dada yangu yuko Mtaa wa Visima anangoja kuoshwa. Nionyeshe njia niende."

Bwana Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole kamili, isiyofupishwa, akatazama huku na huku kama kuna aliyemsikia. Kisha akamweleza njia za mji moja baada ya nyingine, kama mwalimu mbele ya ramani.

Ipo Barabara ya Upepo, alisema. Hiyo imetengwa kwa mabasi ya mwendo mkali peke yake, na haigusi mtu mwingine, hata mbuzi. Pana askari kila pembe.

"Basi nipeleke huko."

"Mabasi hayajaja, mama. Lakini yakija hayatakuta kizuizi."

Zipo pikipiki. Hizo hupenya popote, na abiria wake hufika haraka mno.

"Hufika wapi?"

"Hospitali, wengi wao."

Upo na msafara wa Waheshimiwa. Huo ndio ulioongoza kwenye mlinganisho kwa muda mrefu, kwa kuwa ukipita watu wote wengine husimama. Mji mzima ukisimama na Mheshimiwa akipita, ukichukua mwendo wake na mwendo wa waliosimama ukavichanganya ukagawa, unapata mji wenye kasi ya kuridhisha. Wageni kutoka nchi za mbali wamekuja kujifunza hesabu hiyo.

"Nitakwenda kwa miguu," akasema Bi Kidawa. "Toka hapa hadi Visima si mbali. Nikiwa msichana nilikuwa nakwenda na kurudi chai haijapoa."

Bwana Mfaume akashusha sauti. "Miguu tumeitoa kwenye mlinganisho, mama."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaharibu matokeo." Akakohoa. "Tangu hapo kutembea ni kosa. Isipokuwa kwa wabebaji na wafiwa."

"Wabebaji wa nini?"

Hapo ndipo Bwana Mfaume alipokaa sawa kwenye kiti, uso ukang'aa, maana alikuwa amefika penye fahari ya mji. "Kwa leo, mama, na kwa kweli kwa kila siku tangu mvua za mwaka juzi, njia ya haraka kuliko zote hapa Upesini ni jeneza."

Msikilizaji asishangae, maana mambo yalikuja polepole kama yanavyokuja yote. Watu wa Upesini waliacha mengi ya wazee wao. Ipo hata methali moja kuhusu haraka waliyoipiga marufuku, sitaitaja, mnaijua. Lakini desturi moja ilibaki: jeneza likipita halizuiwi. Mwenye gari anasimama, mwenye duka anatoka, kila mtu anatia bega hatua chache kutafuta thawabu, kisha anampokeza mwenzake. Jeneza huenda juu ya mabega kama jani juu ya maji. Siku moja karani fulani aliyechoka na foleni alilitazama likipita, akafikiri. Kesho yake alifika kazini kabla ya bosi wake, amelala chali.

Mwanzoni watu walinung'unika. Wakaitwa wanazuoni wa mji wakae kitako walitazame jambo hilo. Wakalitazama, wakatoa kauli kwamba kila aliye hai yuko safarini kuelekea mauti, kwa hiyo aliyelala jenezani hasemi uongo, ametangulia tu kidogo. Abiria wa namna hiyo wakapewa jina la heshima: marehemu mtarajiwa.

"Nikuitie moja?" akauliza Bwana Mfaume. "Yapo yenye mto."

"Mimi nimekuja kuosha, mwanangu, sikuja kuoshwa."

"Sheria haina neno."

"Sheria yenu haina. Yangu inalo. Kilio ni amana. Sitalala hapo nikawalaghai watu mabega yao." Akajifunga kanga vizuri. "Umesema wafiwa wanatembea. Mimi ni mfiwa. Nipitishe."

Bwana Mfaume alifikiri. Kila jeneza lilitakiwa kisheria kuwa na mfiwa mmoja nyuma yake, ili mambo yasionekane ya mzaha, na wengi wa wafiwa wa kukodi siku hiyo walikuwa wamegoma. Upande wa ndani wa lango lilikuwapo jeneza lililokuja kutafuta mfiwa, likingoja tangu asubuhi. Akagonga muhuri hewani, maana muhuri wa karatasi ulikuwa umefutwa kwa kuchelewesha, akampungia mkono apite.

Jeneza lile lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa mtu alikuwa akifunua gazeti. Wabebaji wakanyanyua, wakaondoka, na Bi Kidawa akafuata.

Ni kweli lilikwenda mbio. Muuza samaki akatua tenga lake, akatia bega. Mwalimu akatia bega. Kinyozi akamwacha mteja nusu kichwa, akatia bega. Bi Kidawa, aliyezoea kutazama kabla ya kusema, aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyedanganyika. Walisikia gazeti likikunjuliwa kama alivyolisikia yeye. Kila mtu alijua, na kila mtu alibeba, kwa kuwa kesho ataomba kubebwa yeye.

"Mfiwa yupo?" ikauliza sauti kutoka ndani.

"Yupo," akajibu muuza samaki.

"Sijamsikia. Mama, lia kidogo basi. Mbele pale kuna trafiki mnoko."

"Machozi yangu yana mwenyewe," akasema Bi Kidawa.

"Nani?"

"Dada yangu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Sudi Kilindo, niko Wizara ya Mwendo. Pole kwa msiba. Mama, hata kikwifukwifu tu?"

Walikuwa wamefika kwenye kipilefti kikubwa katikati ya mji, na pale jeneza likasimama.

Yalikuja majeneza kutoka barabara zote, na kila moja lilikuwa na haki ya kutozuiwa. Kwa hiyo hakuna lililoweza kumpisha mwenzake, maana kupisha ni kuzuiwa. Wabebaji walisimama na mizigo yao mabegani, hawawezi kushusha, kwa kuwa jeneza likishushwa huhesabika limefika. Marehemu watarajiwa wakaanza kutoa vichwa.

"Oya, marehemu wa kitambaa chekundu! Sogea, watu tunawahi!"

"Nisogee wapi? Na wewe umekufa lini, mbona jana ulikuwa na gari?"

"Gari liko palepale kwenye foleni! Nimekufa kwa sababu yake!"

"Kufeni kwa adabu," akafoka mama mmoja wa makamo kutoka kwenye jeneza lenye mto. "Wengine tunajaribu kusinzia."

Bi Kidawa alisimama nyuma ya jeneza lake. Mwisho wa boriti ya kubebea ulikuwa usoni pake kabisa. Shule yake ilikuwa ya darasa chache, lakini aliishika vizuri, na neno lililochongwa likiwa mbele ya macho yake hakuwa mtu wa kuliacha bila kulisoma. Paliandikwa: WAKFU, MSIKITI WA VISIMA.

Akalisoma tena.

"Bwana Sudi," akaita. "Jeneza hili umelipata wapi?"

"Nimelikodi kwa mwezi. Msikiti wa Visima. Bora mji mzima, mvule mtupu, halilalamiki."

"Na Visima wakifiwa?"

"Wanangoja jioni, ofisi zikifungwa. Siku hizi kila mtaa ndivyo, mama. Maiti hana haraka."

Bi Kidawa alikaa na maneno yale. Tangu alfajiri alikuwa akiogopa kwamba watamzika Mwanaidi kabla hajafika. Kumbe Mwanaidi hazikwi. Amelala kwenye mkeka, jua linapanda, na jeneza lake liko hapa kwenye kipilefti, limebeba mtu anayesoma habari za mpira. Aliteremsha punje moja ya tasbihi, kisha nyingine.

Trafiki yule mnoko alipita kati ya majeneza akitafuta la kuliruhusu kwanza. Kanuni ilikuwa kwamba atangulie mwenye mfiwa anayelia zaidi, na pale wafiwa wa kukodi wasiogoma walikuwa wakipiga mayowe hadi ndege wanahama. Trafiki akafika kwa Bi Kidawa.

"Na wewe hulii?"

"Bado," akasema Bi Kidawa. "Nina kazi kwanza."

Trafiki akamtazama usoni. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuso za wafiwa mchana kutwa, lakini uso wa namna ile alikuwa hajauona tangu alipomzika mama yake mwenyewe. Akavua kofia. Akanyoosha mkono, akawasukuma marehemu watarajiwa kulia na kushoto, wenye mito na wasio na mito, na jeneza la Visima likapita peke yake.

"Mama, we ni kiboko!" akasema Bwana Sudi. "Nitakuajiri wewe."

Haukupita muda, wakafika mbele ya jengo la vioo. Bwana Sudi akagonga ubao kutoka ndani, kama afanyavyo kila siku. "Shusheni. Hapa hapa. Nimefika."

Wabebaji wakapunguza mwendo. Lakini hawakumtazama yeye. Walimtazama Bi Kidawa. Maana desturi ya wazee, ile ile iliyolifanya jeneza lisizuiwe, inasema pia kwamba jeneza huenda anakosema mfiwa. Wafiwa wa kukodi walikuwa wakisema walichoagizwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuikumbuka nusu hiyo ya desturi. Muuza samaki, aliyekuwa bado chini ya boriti pamoja na mwalimu na kinyozi kwa kuwa tangu kipilefti hapakutokea wa kuwapokea, aliikumbuka.

"Mfiwa," akauliza, "tushushe?"

"Bado," akasema Bi Kidawa. "Twendeni Visima."

"Visima?" Kitambaa kikapanda na kushuka. "Mama, nina kikao! Simameni! Nasema simameni!"

"Maiti hasemi," akasema muuza samaki.

"Mimi si maiti, mimi ni mtarajiwa!"

"Basi tarajia," akasema mwalimu, na wote wakaongeza mwendo.

"Huyu wa leo msumbufu," akanong'ona kinyozi. "Wengine huwa wanatulia."

Walipofika Mtaa wa Visima, vizee vitatu vilikuwa barazani na kina mama wamejaa ndani. Jirani wa Mwanaidi, Bi Tunu, alitoka mbio akamkumbatia Bi Kidawa. "Tumekungoja. Maji tayari, sanda tayari. Ila jeneza, dada'angu, jeneza hatunalo. Limekwenda kazini."

"Limerudi," akasema Bi Kidawa. Akafunua kitambaa. Bwana Sudi alikuwa amelala vilevile, gazeti kifuani, macho kodo, mtu mnene mwenye tai. "Shuka, mwanangu. Mwenyewe yupo."

Bwana Sudi akashuka. Akatazama mlango, akaona miguu iliyofunikwa kanga juu ya mkeka, akageuka upesi kutazama ukuta.

"Nisamehe nimekupitisha kwako," akasema Bi Kidawa. "Kikao chenyewe ni cha nini?"

"Cha kupunguza foleni."

"Wenzio watakuwa wameanza."

Bwana Sudi akafuta jasho. "Hatujawahi kukianza, mama. Huwa hatufiki wote."

Akaketi barazani na vile vizee, kwa kuwa kurudi kwa miguu kulikuwa kosa. Vikampa salamu ndefu, vikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama mzazi. Mwanzoni alijibu kwa mkato. Vilipofika kwa mama mzazi akasema hajamwona mwaka wa pili sasa. Anakaa mbali, upande ule wa daraja.

Ndani, Bi Kidawa alimwosha dada yake. Alianza kuliani, kama ilivyo, kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa majani ya mkunazi, na hakuacha mtu mwingine amguse kichwa. Mguu wa kushoto wa Mwanaidi ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa. Maisha yake yote alikwenda akichechemea, na waliotembea naye walijifunza kungoja. Bi Kidawa aliuosha ule mguu kwa utaratibu, kama mtu ambaye hakuna anakotakiwa. Alipomaliza kumfunga sanda, akamsomea, akambusu, akawaambia wanaume waingie.

Wanaume walikuwa vile vizee vitatu. Waliolileta jeneza walikuwa wameshatia bega jingine lililopita, na wengine wote wa mtaa walikuwa mjini, ama juu ya mabega ama chini yake. Vizee vikasimama kwenye pembe za jeneza, na pembe moja ikabaki wazi.

Bwana Sudi akavua tai. Akaenda akatia bega mbele, kushoto.

Kwa desturi ya kwao wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Bi Kidawa alibaki mlangoni akitazama. Jeneza lilitoka polepole, maana vizee havina mbio. Barabarani mtu mmoja mwenye mkoba alilikimbilia, akatia bega, akagonga ubao kama wagongavyo wenzake.

"Mkuu, unaelekea wapi? Kuna nafasi ya wawili?"

Akagonga tena. Kisha alisikia uzito ulioko begani mwake, na mkono wa kugongea akaushusha taratibu.

"Huyu ni kweli?" akauliza.

"Kweli," akasema Bwana Sudi. "Punguza mwendo, ndugu yangu. Hana haraka."

Nyuma yao yakatokea majeneza ya kijani, mekundu na yenye mito, yanarudi kutoka kwenye kipilefti, na marehemu watarajiwa wakaanza kupiga kelele wapishwe. Lakini jeneza halizuiwi, na halipitwi. Wakajipanga nyuma. Nyuma yao ukafika msafara wa Mheshimiwa, ukapiga ving'ora, ukanyamaza, ukajipanga nao. Barabara yote, toka Visima hadi makaburini, mji wa Upesini ulikwenda kwa mwendo wa Mwanaidi.

Bi Kidawa alitazama mpaka wa mwisho alipokata kona. Kisha akaingia ndani, akaketi kwenye mkeka mtupu, na akalia.